Afya ya Jamaa: Shusha Kiwiko, Chunga Bega



Katika miji yetu ya migodi, tangu Kolwezi mpaka Likasi, na Kambove mpaka Lubumbashi, watu wengi wanakula kwa nguvu ya mabega yao. Muchimbaji anainua nyundo. Mama anatwanga sombe, analima shamba, anabeba bidoni ya mayi. Wale wenye kupasula mawe ya kujengea wanapiga tangu asubui mpaka jua linaposhuka. Kijana anasukuma kinga yenye mifuko ya makala. Halafu siku moja mutu anaamuka, anataka kuvaa shati, na mukono unakataa kupanda. Anakamata kidonge, anarudi ku kazi. Kisha miezi michache hawezi tena kulala upande ule.

Wengi wanasema: «Ni kazi tu, tufanye nini?» Ni kweli, kazi hatuwezi kuiacha, kwa sababu bukari haianguki toka mbinguni. Lakini namna ya kufanya kazi tunaweza kuibadilisha. Bega la baba ni feza ya masomo ya watoto. Bega la mama ni chakula cha nyumba nzima. Ndiyo maana mwezi huu tuzungumuze juu ya bega: linaharibika namna gani, na tunaweza kulichunga namna gani bila kununua kitu cha bei kali.

1. BEGA LIMEUMBWA NAMNA GANI

Kichwa cha mufupa wa mukono ni duara kama mupira mudogo. Kinakaa katika kibakuli cha mufupa wa bega. Lakini kibakuli hicho ni kidogo, tena hakina urefu wa kwenda ndani. Angalia paja: mufupa wake umeingia ndani kabisa katika nyonga, hautoki kwa urahisi. Bega halikuumbwa hivyo. Mungu alilipa ruhusa ya kugeuka pande zote, kusudi tuweze kujikuna mugongo, kubeba mutoto na kuchuma embe juu ya muti. Lakini kile kinachoweza kugeuka sana hakishikwi sana.

Ni nani basi anayelishika bega? Ni misuli minne inayozunguka kile kichwa cha mufupa na kukivuta ndani ya kibakuli chake kila mara tunapoinua mukono. Miisho ya misuli ile ni kama kamba. Kamba moja kati yao inapita katika nafasi nyembamba sana, chini ya mufupa ule unaousikia kwa kidole juu ya bega. Mukono ukikaa chini, kamba inapita vizuri. Lakini kiwiko kikipanda mpaka usawa wa bega na zaidi, nafasi inapungua, na kamba inaweza kubanwa na kusuguliwa. Mara moja si kitu. Mara elfu kila siku, kwa miaka, kamba inavimba, inazeeka upesi, na mwisho inaweza kukatika. Haba na haba hujaza kibaba: si mazuri tu yanayojazwa hivyo, hata mabaya.

Tujue tena kwamba mukono wenyewe ni muzito. Mukono muzima ni karibu sehemu 5 kwa 100 za uzito wa mwili. Mutu wa kilo 60 anainua karibu kilo 3 kila mara anapoinua mukono mutupu. Nyundo inaongezwa juu ya hizo.

2. SI UZITO PEKE YAKE

Musomaji anaweza kusema: «Bega linaumizwa na vitu vizito. Nikibeba vyepesi, niko salama.» Si hivyo kabisa. Tutoe mufano mumoja wa mbali, kwa sababu unafundisha vizuri.

Kule Scotland na Marekani kuko watu wanaovua samaki wa mito, trauti na salmoni, kwa fimbo ndefu na nyembamba. Chambo yao ni nzi wa bandia, aliyefungwa na manyoya na uzi. Nzi yule hana uzito, basi hawezi kutupwa kama jiwe. Kinachotupwa ni kamba yenyewe: muvuvi anaipeleka nyuma hewani, anaileta mbele, tena nyuma, tena mbele, mpaka inafika pahali samaki alipo. Fimbo ya kuvua trauti ina urefu wa karibu metre 2,70, na uzito wake ni karibu gramu 100, kama kipande cha sabuni. Hata hivyo, wavuvi wengi wa namna ile wanaumwa bega!

Kwa nini? Kwa sababu wanatupa mara mamia kwa siku moja, kiwiko kikiwa juu, mukono ukiwa mbali na mwili, na wanataka kutupa mbali kuliko inavyohitajiwa. Basi walimu wao wanawafundisha hivi: kiwiko kikae chini, karibu na mbavu. Usikamate fimbo kama mutu anayenyonga nyoka. Ngoja kamba inyoshwe nyuma mbele ya kuileta mbele, usishindane nayo. Acha fimbo ipinde na ifanye kazi yake. Chagua fimbo nyepesi, na kamba inayopatana nayo. Na kama unaweza kumukaribia samaki kwa miguu, usimutupie toka mbali. Katika mito mikubwa kama Spey kule Scotland, wanatumia fimbo ndefu zaidi ya kushikwa na mikono miwili, na hivi bega moja halibebi kazi yote.

Tuone basi: kama gramu 100 zinaweza kuharibu bega, nyundo ya kilo 5 itafanya nini? Na kama kushusha kiwiko kunamusaidia mutu anayevua kwa kujifurahisha, kutamusaidia zaidi mutu anayetafuta chakula cha watoto. Mafundisho ya wavuvi wale tunaweza kuyafupisha kwa maneno matatu: kiwiko chini, kazi karibu, chombo kinachofaa. Tuyapeleke sasa ku kazi zetu.

3. NYUNDO NA BARAMINI

Mwenye kupiga jiwe na nyundo kubwa, asimame miguu ikiwa imeachana, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Nguvu itoke ku miguu na kiuno, si ku bega. Wakati wa kuinua nyundo, mukono mumoja ushike mwisho wa mupini, na mwingine uwe karibu na chuma. Wakati wa kushusha, mukono wa juu uteremuke polepole ku mupini mpaka ukutane na mwenzake. Hivi uzito unakuwa karibu na mwili wakati wa kupanda, na unakwenda mbali tu wakati wa kushuka, pale nyundo inapoanguka yenyewe. Hakuna lazima ya kuizungusha nyuma ya kichwa. Mwenye kuizungusha juu sana anaonekana shujaa kwa saa moja, lakini bega lake litamudai deni.

Baada ya kila saa, badilisha upande: mukono uliokuwa mbele uende nyuma. Mwanzoni utasikia kama mutoto anayejifunza kuandika, lakini baada ya majuma machache mwili unazoea.

Baramini, kile chuma kirefu cha kung'olea mawe, kisitumiwe kwa kusukuma juu ya kichwa. Kupiga jiwe lililo juu yako ni hatari mara mbili: bega linabanwa, tena jiwe linaweza kukuangukia. Kama huwezi kuepuka kazi ya juu, panda juu ya kitu chenye kusimama imara mpaka kazi iwe usawa wa kifua. Tena ufanye kwa dakika chache, na umupishe mwenzako.

Wenye kutumia marto-pikeri, ile mashine yenye kutetemeka, wajue kwamba mutetemeko unaumiza mikono na mabega hata kama mutu hasikii uchungu siku ile. Usiikumbatie ku kifua, usiisukume kwa nguvu zote. Acha uzito wake uzame. Na mupeane zamu.

4. JEMBE, KINU NA MAYI

Mama, kazi yako nayo ni kazi ya bega. Ku shamba, mwenye jembe la mupini mufupi analazimishwa kuinama sana na kuinua mikono juu sana kusudi apate nguvu. Kama udongo ni mugumu, ngoja mvua ya kwanza iulainishe kama inawezekana. Inua jembe mpaka usawa wa kifua tu, na uliache lianguke kwa uzito wake.

Ku kinu, angalia urefu. Kinu kikiwa kirefu kuliko wewe unavyohitaji, au muti wa kutwangia ukiwa murefu na muzito kupita kiasi, mikono inapanda juu ya kichwa kila mara. Tafuta muti unaokuwezesha kutwanga bila kiwiko kupita bega. Ao panda juu ya tofali pana lenye kukaa vizuri, kusudi kinu kiwe chini zaidi. Badilisha mikono. Kutwanga wawili kwa zamu si uvivu, ni akili: wakati mwenzako anashusha, bega lako linapumua. Na pale penye mashine ya kusaga, feza kidogo ya kusagisha mihogo inaweza kuwa ya bei ndogo kuliko dawa.

Bidoni ya mayi ya litre 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Kuikokota na mukono mumoja tangu kisima mpaka nyumba kunavuta bega chini na kulinyosha. Ni heri bidoni mbili za litre 10, moja kila mukono, ao kuiweka ku kinga, ao ku kigari. Wakati wa kuitwisha kichwani, usiinyanyue peke yako: mwenzako akushikie upande mumoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kijana wa makala, nawe sikia. Mutu anayesukuma kinga yenye muzigo, mikono ikiwa imenyoshwa mbele na juu, anaumia kuliko yule anayesukuma kiwiko kikiwa kimekunjwa karibu na mbavu. Funga fimbo ku usukani, ipande kwa urefu unaofaa mwili wako. Funga mifuko vizuri isiegemee upande mumoja, kwa sababu bega ndilo linalolipa kila mara kinga inapotaka kuanguka.

5. CHOMBO KINACHOFAA

Wanaume wengi wanafikiri nyundo nzito ndiyo ya mutu mwenye nguvu. Tufanye hesabu kidogo. Nguvu ya pigo inatoka ku uzito na ku mbio ya nyundo, na mbio ndiyo inaongeza zaidi. Nyundo ya kilo 4 ikienda mbio zaidi kidogo, sehemu moja hivi juu ya tano, inapiga sawasawa na nyundo ya kilo 6. Lakini mara 500 kwa siku, mwenye nyundo ya kilo 6 ameinua kilo 1.000 zaidi kuliko mwenzake. Ni tani moja nzima, bure! Chagua nyundo unayoweza kuinua mara 20 bila kukunja uso na bila kuegemesha mugongo nyuma. Kama huwezi, si yako.

Mupini nao una maana. Uwe wa muti mugumu usio na nyufa, uliolainishwa, na unene wake upatane na mukono wako: vidole vikizunguka, kidole gumba kiweze kufunika ncha ya kidole cha pili. Mupini munene sana ao mwembamba sana unalazimisha kukamata kwa nguvu, na kukamata kwa nguvu kunakaza mukono wote mpaka ku bega. Kichwa cha nyundo kinachocheza kirudishwe na kabari kila asubui. Ni ulinzi wa bega, tena ni ulinzi wa kichwa cha mwenzako.

Kisha, noa. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, kinatukumbusha kwamba mwenye chuma butu analazimishwa kuongeza nguvu, lakini hekima inasaidia. Hekima hii ni ya zamani na bado ni kweli. Jembe lililonolewa, kisu cha mihogo kilichonolewa, chuma cha kupasulia jiwe kilichochongwa upya ku fundi wa vyuma: hivi vyote vinapunguza mapigo. Dakika 10 za kunoa zinaokoa saa nzima ya kuumia.

6. PUMZIKO NA MISULI

Mutu anayepiga saa tatu bila kupumzika, kisha analala saa moja, anaumia kuliko yule anayepumzika dakika 5 kila nusu saa. Kamba za bega zinapenda mapumziko mafupi na mengi. Wakati wa pumziko, shusha mikono, izungushe polepole, kunywa mayi.

Asubui, mbele ya pigo la kwanza, fanya mazoezi haya kwa dakika 5. Hayahitaji feza.

Kwanza, zungusha mabega nyuma mara 10.

Pili, vuta mifupa miwili ya mugongo iliyo nyuma ya mabega, kama unayetaka ikutane katikati. Hesabu mpaka 5, achilia. Fanya mara 10.

Tatu, funga kipande cha mupira wa ndani wa gurudumu la kinga ku nguzo, usawa wa kiwiko. Simama, nguzo ikiwa upande wako, na ukamate mupira kwa mukono ulio mbali na nguzo. Kiwiko kikiwa kimekunjwa na kugusa mbavu, vuta mupira polepole kuelekea inje, kisha rudisha polepole. Mara 10 kila mukono. Zoezi hili linatia nguvu misuli ile inayoshika bega ndani ya kibakuli chake.

Vijana wa mupira wa kikapu na wa mikono, na waimbaji wenye kupiga ngoma kubwa ku kanisa, zoezi hili ni lenu pia.

7. BEGA LIKIANZA KUUMA

Alama za kwanza ni hizi: uchungu wakati mukono unapofika usawa wa bega, uchungu wakati wa kuchana nywele ao kuvaa shati, uchungu usiku ukilalia upande ule. Usingoje. Punguza kazi ya kuinua kwa juma moja ao mawili, lakini usifunge mukono ku kifua miezi mizima. Mukono usiotembea unaweza kukauka, na bega likishikana linaweza kukaa mwaka na zaidi mbele ya kufunguka. Watu wenye ugonjwa wa sukari wanapatwa na jambo hili zaidi.

Fanya hivi mara mbili tatu kwa siku: inama, shika meza kwa mukono muzima, na uache mukono mugonjwa uninginie kama kamba ya kengele. Uutembeze polepole mbele na nyuma, kisha uzunguke, dakika moja ao mbili. Baadaye simama mbele ya ukuta na upandishe vidole juu kama mujusi, mpaka pale uchungu unapoanza, kisha teremusha. Kitambaa chenye mayi ya baridi kinasaidia siku za kwanza. Baadaye kitambaa cha moto kinalegeza. Usichome ngozi.

Kuhusu dawa: parasetamoli ya miligramu 500, mutu mukubwa anaweza kukamata kidonge kimoja ao viwili, na asipitishe vidonge 8 kwa masaa 24. Wenye kunywa lutuku ao pombe nyingi, ao wenye ugonjwa wa ini, waulize muganga kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zinakamatwa na chakula. Hazifai kwa mama mwenye mimba, wala kwa mutu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo ao wa moyo, isipokuwa muganga ameruhusu.

Sasa tuseme neno wazi. Ku masoko karibu na machimbo kunauzwa vidonge vya deksametazone na prednizone. Watu wanavisifu kwa sababu uchungu unaisha upesi na mutu ananenepa uso. Ndugu, kunenepa kule si afya. Vidonge hivyo vikikamatwa ovyo vinapandisha sukari na tensio, vinalainisha mifupa, vinapunguza ulinzi wa mwili na kuficha magonjwa mengine. Na aliyevikamata kwa muda murefu asiache gafula peke yake. Amwone muganga, amwambie kweli yote, kusudi aongozwe namna ya kuacha.

Na sindano ya njiani? Hapana. Wembe wa chale? Hatudharau wazee wetu, wala hatucheki majani yao. Lakini wembe uliopita ku ngozi ya mutu mwingine unaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa ini. Bega linaweza kupona. Magonjwa yale yanakaa.

8. USIKAE NYUMBANI

Kuko maumivu ya bega ambayo hayatoki ku bega. Kimbia ku kituo cha afya ao hospitali kama:

– uchungu unakuja pamoja na kifua kubanwa, jasho ya baridi ao kukosa pumzi, hasa mukono wa kushoto: inaweza kuwa moyo;
– mama aliyekosa damu ya mwezi anasikia uchungu ncha ya bega pamoja na uchungu wa tumbo ao kizunguzungu: inaweza kuwa mimba iliyokaa pahali pabaya, na saa chache zina maana;
– bega limevimba, ni la moto, na kuko homa;
– baada ya kuanguka, bega limebadilika umbo, ao mukono haupandi kabisa;
– vidole vimekufa ganzi, ao mukono umepungua nguvu;
– uchungu unaendana na kukohoa kwa majuma ao kukonda.

Na hata kama hakuna alama hizi, uchungu ukipita majuma 6, ni wakati wa kumwona muganga.

9. NENO KWA WENYE KUONGOZA KAZI, NA KWA WAZAZI

Bega la mutoto bado linakomaa. Ku miisho ya mifupa yake kuko sehemu laini za kukua, na mizigo mizito inaweza kuziumiza. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatoa ruhusa ya kuchimba kwa mikono kwa mutu mukubwa tu. Basi muzazi asiseme: «Anasaidia tu kubeba.» Mufuko anaoubeba leo atausikia akiwa na miaka 30.

Wewe unayeongoza kikundi cha wachimbaji, usipime mutu kwa nyundo aliyo nayo. Panga zamu, nunua nyundo za uzito mbalimbali, wekeni jiwe la kunolea pahali pamoja. Mwenye kuumwa umupe kazi ya chini kwa majuma machache: kuchagua mawe, kuhesabu mifuko, kunoa vyombo. Ukimufukuza leo, atarudi ku shimo lingine na bega lile lile, na kesho litakuwa lako.

Wapendwa, katika Injili ya Luka, sura ya 15, muchungaji akipata kondoo aliyepotea anamuweka ku mabega yake na anarudi nyumbani na furaha. Mabega tulipewa kwa kazi ya namna ile: kubeba kwa upendo. Lakini muchungaji mwenye bega lililokufa atambeba nani? Kuchunga mwili si kujipenda kupita kiasi. Ni kuchunga wale ambao mwili ule unawalisha.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, ni nani anainua mikono juu ya bega mara nyingi kila siku? Tunaweza kubadilisha nini katika kazi yake juma hili?

2. Nyundo, jembe na muti wa kinu tunavyotumia, vinapatana na mwili wa yule anayevitumia? Vilinolewa ao vilitengenezwa lini?

3. Je, kuko mutu nyumbani anayekamata vidonge vya kuondoa uchungu kila siku? Amemwona muganga?

4. Ni kazi gani tunaweza kufanya wawili, badala ya kumuachia mumoja?

Jioni ya leo, kabla ya sala, baba ashike nyundo yake mbele ya watoto, na mama ashike muti wake wa kutwangia. Waonyeshane: kiwiko kinafika wapi? Kama kinapita bega, tafuteni pamoja namna ya kukishusha. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na mabega yanayoibeba.